Miaka themanini na siku moja

Mstari wenyewe ni mfupi, na uko ukurasa wa pili.

Hati ni ya fleti iliyokuwa ya halmashauri. Imepigwa taipureta, na juu yake ipo tarehe ya kutiwa saini: 14 Mei 1985. Ndani, baada ya majina na anwani, imeandikwa kwamba mpangaji anapewa fleti kwa muda wa miaka 125 kuanzia tarehe 29 Septemba 1982. Dalali aliyeandika tangazo la kuiuza amesoma tarehe ya juu, akajumlisha 125, akapata 2110. Miaka iliyobaki ameihesabu kwa mwaka huo.

Muda wa fleti unaisha 2107, na hapo inamrudia mwenye jengo.

Hati za namna hii ni za kawaida England na Wales. Halmashauri zilipoanza kuwauzia wapangaji wake nyumba kwa wingi chini ya Sheria ya Nyumba ya 1980, fleti zilitolewa kwa miaka 125, na pango la ardhi likawa pauni 10 kwa mwaka. Sheria iliruhusu fleti za jengo moja zote ziishe siku moja na ile ya kwanza kuuzwa. Kwa hiyo aliyenunua 1985 aliweza kukabidhiwa muda ambao ulikuwa umeshaanza kuliwa tangu 1982.

Nimekuwa na hesabu hii kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Si ngumu. Kinachonikosesha utulivu ni kile kinachoning'inia juu yake: katika upangaji wa huku kuna mpaka mmoja, miaka 80 iliyobaki, ambao ukishaufikia bei ya kumlipa mwenye jengo akuongezee muda hupanda ghafla, na fleti hii itauvuka Septemba 2027, si Mei 2030. Atakayeinunua kwa kuamini tangazo atajiona bado ana nafasi ya kupumua. Na atakayemshauri asubiri sheria mpya, kama wengi wanavyoshauri siku hizi, atakuwa amemshauri juu ya tarehe isiyokuwapo.

Anza na daftari

Tangazo la dalali si ushahidi. Wala kumbukumbu ya muuzaji. Nakala ya daftari la umiliki hupatikana kwenye tovuti ya HM Land Registry kwa pauni 7, na ndani yake kuna sehemu inayotaja hati ya upangaji: tarehe yake, idadi ya miaka, na siku muda ulipoanza. Hizo ni tarehe mbili tofauti. Inayohesabiwa ni ya kuanza kwa muda.

Ukiona 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba au 25 Desemba, usishangae. Ni siku za jadi za robo mwaka ambazo kodi za Waingereza zimekuwa zikilipwa tangu zamani, na mawakili wengi walizitumia kuanzishia muda hata kama hati ilitiwa saini miezi au miaka baadaye.

Kisha agiza nakala ya hati yenyewe, kwa sababu daftari hufupisha. Soma maneno kwa makini. "Kuanzia tarehe 29" kwa kawaida huiacha siku hiyo nje ya hesabu. "Kuanzia na kujumuisha tarehe 29" huiingiza. Tofauti ni siku moja, na kwa fleti iliyo mbali na mpaka haina uzito wowote. Kwa fleti iliyo ukingoni, siku hiyo moja ina bei.

Hii hapa.

Ndoa inayolipiwa

Sheria ya 1993 ya marekebisho ya upangaji humpa mwenye fleti haki ya kudai miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na pango la ardhi kushushwa hadi punje ya pilipili manga, yaani sifuri. Mwenye jengo hawezi kukataa kwa sababu tu hapendi. Kinachobaki ni bei, na bei ina vipande vitatu.

Chukua fleti ambayo ingeuzwa pauni 300,000 kama ingekuwa na muda mrefu, na pango la pauni 10 kwa mwaka.

Kipande cha kwanza ni pango atakalolikosa mwenye jengo. Pauni 10 kwa mwaka kwa miaka 80, zikigeuzwa kuwa fedha ya leo kwa asilimia 6, hazizidi pauni 165 hivi. Kidogo. Lakini palipoandikwa pauni 250 zinazojirudufu kila miaka 10, pango hilo hufika pauni 8,000 kwa mwaka ndani ya miaka 50, na kipande hiki kinaweza kuwa kikubwa kuliko vingine vyote. Soma ratiba ya pango kabla ya kukadiria chochote.

Cha pili ni fleti yenyewe, ambayo ingemrudia mwenye jengo mwisho wa muda na sasa haitamrudia kwa miaka mingine 90. Pauni 300,000 za miaka 80 ijayo, zikirudishwa nyuma kwa asilimia 5 kwa mwaka, leo ni pauni 6,050 hivi. Hiyo asilimia 5 ya fleti ilitokana na kesi ya Sportelli, iliyofika Mahakama ya Rufaa 2007, na mabaraza yanayoamua bei hizi huifuata isipokuwa pawe na sababu maalumu.

Jumla ya viwili hivyo, ukiondoa pauni 75 za haki ndogo itakayombakia mwenye jengo baada ya nyongeza, ni kama pauni 6,100. Hapo ndipo hesabu inapoishia iwapo muda uliobaki unazidi miaka 80.

Ikiwa ni miaka 80 kamili au pungufu, kinaingia kipande cha tatu.

Kinaitwa thamani ya ndoa. Fleti yenye muda mfupi ina bei yake, na haki ya mwenye jengo ina bei yake. Vikiunganishwa, bei ya pamoja huzidi jumla ya viwili vikiwa mbalimbali. Ziada hiyo, sheria inasema, igawanywe nusu kwa nusu. Tuseme fleti yetu, ikiwa imebaki na miaka 80 bila kuongezwa, ina thamani ya asilimia 95 ya bei ya muda mrefu, yaani pauni 285,000. Ongeza pauni 6,200 za mwenye jengo. Mpaka kufika 300,000 pana pengo la pauni 8,850 hivi, na nusu yake ni pauni 4,400. Bei inatoka 6,100 kwenda 10,500 na zaidi.

Kwa siku moja.

Tena nimeweka asilimia 95 kwa upole. Uwiano huo wa muda mfupi kwa muda mrefu ndio uwanja wa vita wa wathamini. Wa mwenye jengo atasema ni asilimia 90, wako atasema 95, na kila mmoja ataleta grafu zake. Kwa asilimia 90, nusu ya mwenye jengo inakuwa pauni 11,900 hivi, na bei nzima inakaribia 18,100. Pointi tano za mabishano, pauni 7,500 za kweli. Tangu Mahakama ya Rufaa iamue kesi ya Mundy mwaka 2018, imekuwa vigumu kwa mpangaji kushinda kwa fomula mpya zinazopandisha uwiano huo, kwa hiyo usipange bajeti yako kwa makadirio ya furaha.

Wengi huuliza, na nadhani ni swali la haki: kwa nini mwenye jengo alipwe nusu ya ziada inayoletwa na fedha za mpangaji? Jibu la sheria ni kwamba ziada haizaliwi mpaka pande mbili zikutane. Nimelipima jibu hilo mara nyingi na bado haliniridhishi. Mmoja wao anaishi ndani ya fleti na muda unamkimbia; mwingine anakaa tu, na kila mwaka unaopita unamwongezea. Hiyo si ndoa ya watu wawili walio sawa.

Je, asubiri?

Hapa ndipo shaka yangu ilipo.

Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya upangaji na umiliki wa ardhi. Ndani yake thamani ya ndoa inafutwa, nyongeza inakuwa miaka 990 badala ya 90, pango la ardhi kubwa kupita kiasi linawekewa kikomo katika hesabu, na kwa kawaida kila upande unajilipia wakili wake. Kwa mtu mwenye miaka 74 iliyobaki, hayo ni maelfu ya pauni.

Lakini sheria iliyopitishwa si sheria iliyoanza kutumika. Kwa anayetaka nyongeza, kilichoanza, tarehe 31 Januari 2025, ni kufutwa kwa sharti la kumiliki fleti miaka 2 kabla ya kudai nyongeza. Ninapoandika, sehemu za bei bado zinasubiri kanuni, vikiwemo viwango vya asilimia ambavyo waziri atavipanga. Kundi la wamiliki wa ardhi walikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba sheria inawanyang'anya mali yao, na Oktoba 2025 madai yao yalikataliwa. Huo ni ushindi, ila hauandiki tarehe kwenye kalenda.

Kwa hiyo ushauri wa "subiri tu" hauwezi kuwa mmoja kwa watu wote, na unaponiudhi ni pale unapotolewa bila kuuliza miaka.

Mwenye miaka 95 hana haraka. Thamani ya ndoa haimgusi leo, wala haitamgusa kwa miaka 15.

Mwenye miaka 81 ndiye anayesubiri kwa hasara. Akichukua hatua sasa, thamani ya ndoa haipo kwenye bei yake. Anachosubiri sheria mpya imwondolee ni kitu ambacho bado hakijampata. Akichelewa na kanuni zikachelewa pia, atakuwa amejiingiza mwenyewe ndani ya shimo na kuomba ngazi.

Mwenye miaka 72, asiye na mpango wa kuuza wala kubadilisha mkopo, ana sababu ya kungoja, kwa sababu tayari yuko chini ya mpaka na kila mwaka unaongeza bei polepole, hauruki tena. Kama anauza mwakani, hesabu ni nyingine kabisa: mabenki mengi huanza kusita muda unaposhuka chini ya 80, na wengine hukataa kukopesha chini ya 70, kwa hiyo wanunuzi wanaobaki ni wenye fedha taslimu, nao huja na bei yao mfukoni.

Niliwahi kudhani njia ya katikati ni kutoa notisi ya kudai nyongeza kisha kuiondoa sheria ikibadilika. Haiko rahisi hivyo. Ukiiondoa, unalipa gharama za mwenye jengo mpaka siku hiyo, na huwezi kutoa nyingine kwa miezi 12.

Notisi ya kifungu cha 42

Haki yote inabebwa na karatasi moja, ya kifungu cha 42 cha sheria ile ya 1993. Inataja jina kamili la kila mmiliki aliye kwenye daftari, anwani ya fleti, maelezo ya hati (tarehe yake, muda na siku muda ulipoanza), bei unayopendekeza, masharti unayotaka yabadilike, jina la wakili wako, na siku ya mwisho ya mwenye jengo kujibu, ambayo haiwezi kuwa chini ya miezi 2 tangu alipoipokea.

Inaonekana fomu tu. Hebu angalia inavyoharibika.

Majina. Mke na mume wameandikishwa wote wawili, notisi imetaja mmoja. Au jina la baada ya ndoa limetumika wakati daftari lina la zamani.

Bei. Wapo wanaoandika kiasi cha kuchekesha wakidhani ndiyo mwanzo wa kupatana. Katika kesi ya Cadogan dhidi ya Morris, 1998, bei ya pauni 100 iliifanya notisi kuwa batili. Anza chini, ndiyo, lakini chini ambako mthamini anaweza kukutetea. Ndiyo maana mthamini hutangulia wakili, na awe anayefanya kazi hii ya nyongeza za muda kila wiki, siyo anayepima nyumba kwa ajili ya mikopo tu.

Anayepelekewa. Jengo linaweza kuwa na mmiliki wa ardhi juu kabisa, kampuni iliyokodi jengo zima katikati, na wakala anayekusanya pango. Wakala si mwenye jengo. Notisi inamwendea yule ambaye muda wake unatosha kukupa miaka 90 zaidi. Kama wa katikati anakuzidi kwa siku chache tu, basi siye, ingawa naye anapelekewa nakala. Usipojua nani ni nani, kifungu cha 41 kinakuruhusu kuwauliza kwa maandishi nao wana siku 28 za kujibu. Ulizia mapema. Siku hizo 28 hazisimamishi saa ya miaka 80.

Kufika. Muda uliobaki hupimwa siku notisi inapotolewa kwa mwenye jengo, na thamani zote za fleti zinagandishwa hapo hapo. Siku wakili alipoitia saini haihesabiki. Kwa fleti yenye mpaka mwishoni mwa Septemba, ningependa notisi iwe imefika Julai, kwa mkono au kwa posta ya kusainiwa, ili ikigundulika ina kasoro ipatikane nafasi ya kutoa iliyo sahihi kabla ya mpaka. Notisi batili haikufungii miezi 12, kwa sababu kisheria haikuwahi kuwapo. Lakini haikulindii tarehe pia.

Na jambo moja ambalo husahaulika hata na mawakili wenye heshima zao: notisi isajiliwe Land Registry dhidi ya umiliki wa mwenye jengo. Isiposajiliwa, na jengo likauzwa katikati ya safari, mwenye jengo mpya anaweza kusema haimhusu.

Tarehe zinazoua ombi

Baada ya kuipokea notisi, mwenye jengo anaweza kudai amana: pauni 250 au asilimia 10 ya bei uliyopendekeza, kubwa kati ya hizo, na una siku 14 za kulipa. Anaweza kutaka uthibitisho wa umiliki wako, na una siku 21. Anaweza kutuma mthamini wake kukagua, kwa taarifa ya siku 3. Haya ni ya kawaida, yajibu yote kwa wakati.

Kisha anatoa notisi yake ya majibu: anakubali haki yako au anaikataa, na anataja bei yake. Bei hiyo karibu kila mara itakushtua. Ichukulie kama mwanzo wa mazungumzo.

Asipojibu ndani ya muda, unayo haki ya kwenda mahakama ya kaunti ndani ya miezi 6 kuomba muda mpya kwa masharti uliyoandika wewe. Ndiyo sababu nyingine ya kuandika bei kwa uangalifu.

Akijibu na msielewane bei, mpangaji ndiye anayepaswa kupeleka ombi barazani. Si kabla ya miezi 2 tangu notisi ya majibu, wala si baada ya miezi 6. Kwa England ni First-tier Tribunal, chemba ya mali. Wales wana baraza lao. Mazungumzo yawe matamu kiasi gani, barua pepe ziwe zinaendelea kila siku, miezi 6 ikipita bila ombi kupelekwa, notisi yako imekufa. Unalipa gharama zake, unangoja miezi 12, na ukirudi bei inapimwa upya. Kama katika miezi hiyo ulivuka 80, umevuka.

Hata mkielewana, kuna saa nyingine. Miezi 2 tangu masharti yakubaliwe kusaini hati mpya. Ikipita, miezi 2 zaidi ya kwenda mahakamani. Hapa watu wengi hulala kwa sababu wanadhani wameshinda.

Ziandike tarehe hizi zote mwenyewe, mahali unapopita kila siku. Wakili ana majalada mengi, wewe una moja.

Barua ya ukarimu

Kuna njia nyingine isiyopitia notisi. Mwenye jengo au wakala wake anaandika: tutakuongezea mpaka miaka 125, kwa bei hii, bila usumbufu wa sheria, jibu ndani ya siku 28.

Wakati mwingine ni nafuu kweli, hasa kwa fleti ndogo ambayo gharama za mawakili zingekaribia bei yenyewe. Lakini angalia nini kinaongezwa. "Mpaka miaka 125" kwa mwenye 82 ni nyongeza ya miaka 43, wakati sheria ingempa 90 juu ya 82, yaani 172. Pango la ardhi je? Sheria ya pango ya 2022, iliyoanza tarehe 30 Juni mwaka huo, inazuia kutoza pango katika miaka inayoongezwa, ila kwa njia hii ya hiari pango la zamani linaweza kuendelea mpaka mwisho wa muda wa awali. Kwa fleti yenye pango linalojirudufu, hiyo ndiyo sehemu chungu yenyewe, nayo inabaki pale pale.

Halafu kuna masharti yanayopenyezwa: ada mpya ya kuomba ruhusa ya kupangisha, maneno mapana zaidi kuhusu gharama za matengenezo. Katika njia ya sheria hati mpya hufuata masharti ya zamani, na mabadiliko yanahitaji sababu. Katika njia ya hiari, ukisaini umesaini.

Na saa haisimami. Mazungumzo ya hiari yanaweza kuchukua miezi tisa yakavunjika bila kosa la mtu, na miezi hiyo imetoka kwenye muda wako. Ninachokiona salama ni kutoa notisi kwanza, kisha kuzungumza huku tarehe yako imeshikwa.

Gharama zisizo kwenye bei

Chini ya sheria inayotumika sasa unalipa wakili wako, mthamini wako, na pia gharama za haki za wakili na mthamini wa mwenye jengo, hata ukijitoa. Huzilipi gharama zake za kubishana barazani. Omba mchanganuo, kwa sababu neno la sheria ni gharama "zinazostahili", na ankara isiyo na maelezo inaweza kupingwa katika baraza lile lile.

Kwa mwenye mkopo wa nyumba: katika njia ya sheria rehani huhamia kwenye hati mpya yenyewe. Hata hivyo iarifu benki mapema, na katika njia ya hiari ridhaa yake ni lazima, kwa kuwa kisheria hati ya zamani inarudishwa na mpya kutolewa. Hati mpya ikishatiwa saini isajiliwe. Mpaka isajiliwe, mnunuzi atakayepekua daftari ataiona fleti ya zamani.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, ongea na Leasehold Advisory Service. Ni shirika linalofadhiliwa na serikali, ushauri wake wa awali ni bure, na tovuti yao ina kikokotoo cha kukadiria bei.

Mwenye jengo asiyepatikana

Kampuni haipatikani, au mzee mwenye ardhi alifariki na warithi hawajulikani. Haki haipotei. Mahakama ya kaunti inaweza kutoa amri ya kukupa muda mpya, baraza likapanga bei, na fedha zikawekwa mahakamani. Utatakiwa kuonyesha kwamba ulimtafuta kweli, kwa hiyo tunza kila barua iliyorudi.

Kinyume chake ni wapangaji wenyewe kuwa na kampuni inayomiliki ardhi ya jengo. Hao wanaweza kukubaliana kupeana miaka 999 bila bei, na kulipia karatasi tu. Nashangaa ni wangapi hawajafanya. Wanasema "ardhi ni yetu" na kusahau kwamba kila fleti bado ina muda wake unaopungua, na mnunuzi ataangalia muda huo.

Tena kuna wanaorithi. Msimamizi wa mirathi anaweza kutoa notisi kwa niaba ya marehemu. Msomaji wa Tanzania anayeijua hati ya miaka 33, 66 au 99 hatashangaa kwamba umiliki una ukomo. Tofauti ni kwamba hapa anayengoja upande wa pili mara nyingi ni mtu binafsi au kampuni, si serikali, na ana kila sababu ya kutokukumbusha.

Fleti ya ukurasa wa pili

Nirudi kwenye ile hati ya 1985, kwa sababu iko sokoni.

Kwa kuwa sharti la miaka 2 limefutwa, mnunuzi anaweza kudai nyongeza mara tu anapoandikishwa. Tatizo ni neno hilo, kuandikishwa. Kati ya kukamilisha ununuzi na jina kuingia kwenye daftari kunaweza kupita miezi, na kwa fleti iliyo karibu na mpaka miezi hiyo haipo.

Kwa hiyo muuzaji ndiye atoe notisi, kabla ya kukamilisha, kwa jina lake, bei ikiwa imepangwa na mthamini wa mnunuzi. Siku ya kukamilisha, manufaa ya notisi yahamishwe kwa mnunuzi kwa hati yake, pamoja na fleti yenyewe, siku ile ile. Yakihamishwa kesho yake, notisi inahesabika imeondolewa. Mkataba wa mauzo useme nani analipa amana ikidaiwa, na kwamba muuzaji atapeleka kwa mnunuzi kila barua itakayomfikia kutoka halmashauri.

Muuzaji atauliza kwa nini ajisumbue wakati dalali amesema bado kuna miaka mingi. Mwonyesheni ukurasa wa pili.